Linux inapogoma baada ya stima kupotea

STIMA hupotea bila kubisha hodi. Inaporejea, mwenye tarakilishi inayoendeshwa na Linux huenda akakuta skrini nyeusi yenye neno (initramfs) badala ya picha aliyoizoea. Wengi hudhani kila kitu kimeangamia, wakakimbilia kusakinisha mfumo upya. Hapo ndipo hasara halisi hutokea, maana kazi ya miaka mingi ambayo bado ilikuwa salama hufutwa na mwenyewe kwa mkono wake.

Mara nyingi kilichovurugika ni mpangilio wa faili, si faili zenyewe. Mfumo wa ext4, unaotumiwa na Ubuntu na Debian katika usakinishaji wa kawaida, huandika kwanza kwenye shajara mabadiliko yanayokusudiwa, kisha ndipo huyatekeleza. Umeme ukikatika katikati, shajara hiyo husomwa tarakilishi inapowashwa tena, na kasoro nyingi hurekebishwa kwa sekunde chache bila mtu kujua. (Barua iliyokuwa ikichapwa bila kuhifadhiwa ni habari nyingine, hiyo imekwenda.)

Shajara inaposhindwa, mfumo hukataa kuendelea na kumwachia binadamu uamuzi. Mtumiaji aandike exit, kisha abonyeze Enter. Ujumbe utakaotokea hutaja sehemu ya diski yenye kasoro, tuseme /dev/sda2. Ndipo ataandika fsck -y /dev/sda2, akitumia jina aliloliona yeye wala si la mfano huu. Kwenye diski kubwa shughuli hii yaweza kuchukua muda mrefu, na haifai kukatizwa. Ikikamilika, ataandika reboot. Vipande vya faili vilivyokosa mahali pake huwekwa kwenye folda iitwayo lost+found, vikiwa na nambari badala ya majina.

Amri hiyo isitumiwe kamwe kwenye sehemu ya diski ambayo mfumo unaitumia wakati huo. Aidha, diski ikitoa mlio wa kukwaruza, au kasoro zikirudi kila kukicha, fsck si dawa tena na huenda ikazidisha uharibifu. Katika hali hiyo, tarakilishi iwashwe kwa Linux iliyo kwenye flashi, na folda ya /home inakiliwe kwingine kabla ya jambo lolote. Baadaye amri ya sudo smartctl -H /dev/sda itaeleza iwapo diski inajiona nzima.

Kuna tatizo jingine linalodhaniwa kuwa hilohilo: nywila ni sahihi, lakini skrini humrudisha mtumiaji palepale pa kuingilia. Mara nyingi diski imejaa. Abonyeze Ctrl+Alt+F3, aingie, aandike df -h. Akiona asilimia 100, sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M humpa nafasi ya kupumulia.

Wenye vipakatalishi husumbuliwa na stima kwa nadra, mradi betri ingali nzima.