Kompyuta haijui Wanjiku wawili

Wasee, nianze na kosa langu. Mwaka jana nilipewa orodha ya watoto walioomba basari, faili ya CSV, zile data za kutenganishwa na koma. Nikaambiwa toa waliojirudia. Nikaandika hivi:

awk -F, '!seen[$1]++' orodha.csv > safi.csv

Safu ya kwanza ilikuwa jina. Sekunde moja, kazi imeisha, nikajiona fundi.

Wiki mbili baadaye mama mmoja akapiga simu. Msichana wake hayuko. Majina yake yote matatu yalikuwa sawa na ya binamu yake. Kwa Wakikuyu hiyo si ajabu: msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, so kaka wawili wakipata mabinti, una Wanjiku wawili. Tulimrudisha kwenye orodha, lakini pesa za awamu hiyo zilikuwa zishagawanywa.

Nikaenda kusoma hii amri ilitoka wapi. AWK ilizaliwa Bell Labs, Marekani, 1977, na jina ni herufi za kwanza za Aho, Weinberger na Kernighan. Kabla yake watu wa Unix walikuwa na sort na uniq. Uniq hulinganisha mstari na jirani yake tu, ndio maana lazima upange kwanza, la sivyo nakala zinapita mbele yake na haioni kitu. AWK yenyewe hukumbuka kila ilichosoma. Lakini zote zinajua herufi tu, hazijui mtu. Ongeza nafasi moja baada ya Wanjiku, tayari ni mtu mwingine.

Wamarekani waliipeleka hii akili kwenye kura. Kuanzia 2005 jimbo la Kansas liliendesha Crosscheck: linganisha madaftari ya majimbo kwa jina la kwanza, la mwisho na tarehe ya kuzaliwa. Inasikika poa, ama? Ila kwa mamilioni ya watu, wengi hugongana majina na birthday. Utafiti uliochapishwa 2020 ulikadiria kwamba njia moja ya kufuta waliyopendekeza ingezuia kura halali kama 300 kwa kila kura moja ya mara mbili. Mradi ulisimamishwa 2019 baada ya kesi.

Hapa kwetu, ukaguzi wa KPMG wa daftari la IEBC mwaka wa 2022 ulikuta rekodi 481,711 zilizojirudia. Ukiona namba kama hiyo unataka kusema futa tu. Hata mimi ningesema, kabla ya ile simu.

Sai sifuti. Nimehamia safu ya nne, namba ya cheti cha kuzaliwa, na marudio naweka kando:

awk -F, 'seen[$4]++' orodha.csv > angalia.csv

Halafu naisoma kwa macho, jina kwa jina. Karibu wote wasio na cheti huangukia humo, maana kwa kompyuta nafasi tupu zote ni mtu mmoja. Hao nawapigia simu.