Gari-nyumba kuukuu la Toyota: Kagua ekseli kabla ya injini

Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda kadhaa vya Marekani vilichukua chesisi ya pikapu ndogo ya Toyota, ile ambayo Afrika Mashariki tunaifahamu kwa jina la Hilux, na kujenga juu yake chumba chenye kitanda, jiko, friji na choo. Magari-nyumba hayo yaliuzwa kwa majina kama vile Chinook, Dolphin, Sunrader na Winnebago Warrior. Hayatengenezwi tena, lakini mengi yangali barabarani, na yanapendwa kwa sababu ni madogo na hayali mafuta kama yale makubwa.

Sifa ya Toyota ya kudumu ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Mtu huwasha injini, akaisikiliza, akaridhika na kulipa. Ni kweli kwamba injini hizo ni imara. Hata hivyo, gari lenyewe lilibuniwa kubeba mzigo wa pikapu, si nyumba. Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kuanzia chini ya gari, kisha kwenye paa, na ndipo ufike kwenye injini.

Ekseli ya nyuma

Magari mengi ya awali yalibakiziwa ekseli ya kawaida ya pikapu, yenye nati 5 katika kila gurudumu. Baadhi ya viwanda viliongeza magurudumu pacha nyuma, na gari likaonekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini tairi la pili halikuipa ekseli uwezo wowote mpya. Katika ekseli ya aina hiyo, shafti huzungusha gurudumu na wakati huohuo hubeba uzito wa gari. Inapoelemewa, beringi huchakaa, shafti hukatika, na gurudumu huweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo. Kutokana na hatari hiyo, baadhi ya magari hayo yaliitwa yarudishwe ili yabadilishiwe ekseli.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ilitumika ekseli nzito zaidi, yenye nati 6. Katika ekseli hiyo uzito hubebwa na bomba la nje la ekseli, na shafti hubaki na kazi moja tu ya kuzungusha gurudumu. Dalili yake ni kitovu kinachojitokeza katikati ya rimu, kikiwa na duara la bolti ndogo mwishoni. Msomaji asitosheke na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ainame na ahesabu nati kwa macho yake. Gari likiwa na magurudumu pacha juu ya ekseli ya nati 5, gharama ya kuibadilisha ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya gari.

Matairi na breki

Magari haya huegeshwa kwa miezi mingi, hivyo tairi huzeeka kabla kashata zake hazijaisha. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililopita miaka 10 liondolewe hata kama linang'aa. Tairi la ndani katika magurudumu pacha lisisahauliwe, kwani upepo wake hupungua pasipo kuonekana.

Aidha, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mipira ya breki iliyozeeka huweza kuziba kwa ndani huku kwa nje ikionekana mizima.

Maji, adui wa kimya

Magari mengi ya aina hii yana kuta za fremu ya mbao zilizofunikwa kwa bati la alumini. Maji hupenya kwenye maungio ya paa, kandokando ya madirisha, na hasa kwenye kitanda kilicho juu ya dereva. Bonyeza ukuta kwa kiganja. Ukibonyea, mbao zimekwisha kuoza. Sunrader ina bodi ya faibaglasi, kwa hiyo haiozi kwa urahisi huo, ingawa madirisha yake nayo huvuja.

Kosa la kawaida ni kupaka silikoni juu ya ufa. Silikoni huficha tundu, na gundi nyingine hazishiki vizuri mahali ilipopakwa. Njia sahihi ni kufungua ukanda wa maungio, kukwangua gundi ya zamani, kubadilisha mbao zilizooza, kisha kutandika utepe wa butili na kukaza upya.

Injini

Magari mengi ya miaka ya 1980 yana injini ya 22R ya lita 2.4, au 22R-E isiyotumia kabureta. Nguvu zake hazifiki farasi 120, hivyo mlimani dereva ashushe gia mapema na awe mvumilivu. Udhaifu wake unaojulikana ni miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi. Ikivunjika, cheni hukwaruza kifuniko chake hadi kukitoboa, na maji ya kupozea injini huingia kwenye oili. Mlio wa cheni injini ikiwa baridi usipuuzwe. Kwa injini ya silinda 6 ya lita 3.0, jambo la kuchunguza ni gasketi ya silinda hedi.

Gesi na uzito

Friji ya gesi hufanya kazi kama zile za mafuta ya taa tulizozizoea: huhitaji gari lisimame sawasawa, la sivyo huharibika. Maungio ya gesi yapimwe kwa povu la sabuni. Propani ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Kengele ya kutambua hewa ya kaboni monoksidi ni ya lazima, kwa kuwa watu hulala humo madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwisho, kila lita ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 80 likijazwa ni sawa na kumpakia abiria mzima. Lipime gari likiwa limesheheni, kisha linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye bamba la mtengenezaji.