Watatu kwa Mmoja

Kila ninapotoka Nachingwea kwenda Ruangwa kuitazama Namungo katika Uwanja wa Majaliwa, mwanafunzi wangu wa zamani huniwekea nafasi jukwaani. Hunipa shikamoo, kisha hunikumbusha kwamba mwaka 1977 nilimtoa yeye na wenzake wawili ili nimpate mtu mmoja.

Nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Timu za mabweni ziliundwa kwa zamu: bweni lililoshika mkia mwaka uliotangulia lilichagua kwanza miongoni mwa wanachuo wapya. Zamu yetu ilikuwa ya tatu, nami nilimtamani mshambuliaji mmoja mrefu, mwenye mashuti ya kutisha. Mwenzangu mwenye zamu ya kwanza akakubali tubadilishane, kwa sharti nimwongezee wachezaji watatu wa mwaka wa pili. Nikatoa.

Mechi ya pili kijana akategua kifundo cha mguu. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba ile ilikuwa bahati mbaya tu.

Wamarekani, katika ule mpira wao wa kubebwa mikononi, huwagawana vijana wa vyuo vikuu kwa utaratibu kama huo, na zamu hununuliwa na kuuzwa. Mwaka 1999 timu ya New Orleans Saints iliwapa Washington zamu zake zote sita zilizobaki mwaka ule, pamoja na mbili za mwaka 2000, ili ipande hadi nafasi ya tano na kumchukua Ricky Williams. Msimu huo ilishinda mechi 3 na kufungwa 13. Kocha Mike Ditka akafukuzwa. Lakini angalia, msomaji: Williams hakuwa mchezaji mbovu. Mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira. Kosa lilikuwa katika bei.

Wataalamu wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliipima biashara hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Walilinganisha wachezaji wa namba moja waliochaguliwa wakifuatana. Aliyetangulia kuchaguliwa alimzidi mwenzake mara 52 tu katika 100. Ni karibu sawa na kurusha shilingi! Na bado watu hulipa kana kwamba wameiona kesho.

Sisi wa Nachingwea tulikwisha kuona bei ya namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Reli na bandari ya Mtwara zikaanza kujengwa kabla udongo haujaulizwa utatoa nini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda. Baadaye hata reli iling'olewa.

Safari iliyopita, wakati wa mapumziko, mwanafunzi wangu aliniuliza, “Na kama asingeumia, Mwalimu?”

Nikamjibu kwamba hata angekuwa mzima nilikosea, maana ningekuwa na mfungaji asiye na wa kumpa pasi. Nilidhani jibu hilo lingemridhisha. Alitazama uwanjani kwa muda, kisha akasema, “Sisi watatu tulisoma majina yetu ubaoni. Mbona hukutuita kwanza?”

Timu zikarudi uwanjani nikiwa bado sijamjibu.