Nishani, Medali na Tuzo

Katika tafsiri nyingi zinazopita mezani petu, maneno nishani, medali na tuzo hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Historia yake yaonyesha vingine.

Neno nishani lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Katika Zanzibar ya Sayyid Barghash (1870–1888) lilitaja alama ya heshima itokayo kwa mtawala. Tuzo latokana na kutuza, yaani kumpa zawadi mcheza ngoma aliyewafurahisha watazamaji. Heshima ya kwanza hushuka kutoka juu. Ya pili hutoka kwa watu.

Ugumu ulizidi kwa nishani ya Dola ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1917 ikiwa na madaraja matano. Aipataye huingizwa katika jamii ya watunukiwa. Marehemu Shaaban Robert alipewa daraja la tano, yaani la mwanajamii. Kusema alipata medali ni kumpunguzia. Na mfasiri aandikaye "amri", kwa kuwa neno la Kiingereza ni lile lile, hupotosha kabisa.

Twapendekeza basi: nishani kwa heshima ya Taifa yenye madaraja, kama ile ya Mwenge wa Uhuru, medali kwa tunukio lisilo na daraja, tuzo kwa zawadi ya kazi iliyo bora. Mkunga au mwalimu wa kijijini aitwapo mbele ya watu, pambo lake litawekwa sandukuni. Litakalobaki katika hati ni neno. Tusilikosee.