Utafiti wa nasaba Kilimanjaro

Utafiti wa nasaba Kilimanjaro ni kazi ya kutafuta na kuthibitisha mababu wa mtu au wa ukoo katika mji wa Moshi na kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Unaunganisha masimulizi ya wazee, vitabu vya makanisa, kumbukumbu za ushirika wa kahawa, mafaili ya mirathi na nyaraka za serikali.

Historia iliyoandikwa ya Wachagga inahusu hasa familia za watawala walioitwa mangi, kama vile Rindi na mwanawe Meli wa Moshi, Sina wa Kibosho na Marealle wa Marangu. Mkulima wa kawaida, kibarua wa shambani, mpagazi au mwanamke aliyeolewa kutoka mtaa mwingine hatajwi katika vitabu hivyo. Nasaba yake inabidi ijengwe kwa vipande vidogo kutoka mahali pengi.

Umuhimu

Katika eneo hili nasaba inahusiana moja kwa moja na ardhi. Shamba la familia, yaani kihamba, hurithiwa ndani ya ukoo, na kwa kawaida wafu huzikwa humo. Anayejua babu yake alikuwa nani na alizikwa wapi anajua pia mipaka ya haki yake. Kwa kuwa ardhi ya mlimani ni haba, migogoro mingi ya mirathi huamuliwa kwa ushahidi wa nasaba. Pia nasaba husaidia kuepuka ndoa kati ya ndugu wa damu na kuwaunganisha watoto waliozaliwa mbali na watu wa kwao.

Ukoo, kihamba na majina

Wachagga huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Majina ya koo kama Lyimo, Mosha, Massawe, Mushi, Swai au Shirima leo hutumika kama majina ya mwisho, lakini desturi hiyo ilienea pamoja na shule, kanisa na ofisi za serikali. Zamani mtu alitambulishwa kwa jina lake na la baba yake. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuonekana katika kumbukumbu kwa majina ya mwisho tofauti: mmoja akitumia jina la ukoo, mwingine jina la baba. Vilevile watu wawili wenye jina moja la ukoo, mmoja wa Machame na mwingine wa Marangu, si lazima wawe na babu mmoja wa karibu.

Desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi husaidia utafiti. Kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, na wa pili kwa babu mzaa mama. Jina linalorudi kila baada ya kizazi kimoja ni dalili nzuri, ila linaweza pia kumfanya mtafiti amchanganye babu na mjukuu.

Utaratibu wa kurithi nao unatoa mwelekeo. Kimila mtoto wa kwanza wa kiume alipewa ardhi na baba yake, na kitinda mimba alibaki katika nyumba ya wazazi. Watoto wa katikati mara nyingi walitafuta mahali papya: pori lisilolimwa, tambarare, mjini au mbali zaidi. Babu asiyeonekana katika kihamba cha asili huenda alikuwa mmoja wao.

Vyanzo vya habari

Masimulizi. Wazee ndio chanzo cha kwanza, nao hawangoji. Inafaa kuwauliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, ili masimulizi yao yaweze kulinganishwa. Mwezi Desemba, Wachagga wengi wanaoishi Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanaporudi nyumbani, ni wakati mzuri wa kazi hii. Bibi na mashangazi wasisahaulike: mara nyingi wao ndio wanaokumbuka wake wa babu, watoto waliofariki wadogo na mabinti walioolewa mbali. Makaburi yaliyomo kihambani yatembelewe pamoja na mzee anayeyajua. Mengine hayana maandishi, bali yanatambulika kwa mimea ya masale.

Vitabu vya kanisa. Hivi ndivyo kumbukumbu za maandishi zenye thamani kubwa kuliko zote kwa watu wa kawaida. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi (Kidia) mwaka 1896. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha wakaenea Kibosho na Rombo. Vitabu vya ubatizo kwa kawaida hutaja jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi na tarehe. Katika parokia za Kikatoliki, habari za kipaimara na ndoa huongezwa pembeni mwa jina lilelile, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Maandishi ya zamani yanaweza kuwa ya Kijerumani au Kilatini. Mtafiti huomba ruhusa kwa mchungaji au paroko na kueleza uhusiano wake na anayetafutwa.

Kwa familia za Kiislamu, hati za ndoa na kumbukumbu zinazotunzwa na masheikh na misikiti hufanya kazi kama hiyo.

Kodi na kazi. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliendelea kutoza kodi. Stakabadhi za kodi zilizohifadhiwa nyumbani zinaweza kuonyesha jina, mahali na mwaka. Vibarua wa mashamba ya walowezi walikuwa na kipande, yaani kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi.

Ushirika wa kahawa. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU. Daftari za wanachama wa vyama vya msingi na stakabadhi za mauzo ya kahawa zinaweza kuonyesha ni lini shamba lilihama kutoka jina la baba kwenda la mtoto.

Mahakama na serikali. Faili la mirathi katika mahakama ya mwanzo huwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya warithi na mali ya marehemu. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo hutolewa na RITA, lakini wakati wa ukoloni Waafrika wengi hawakuandikishwa. Kukosekana kwa cheti hakuthibitishi chochote. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya utawala wa Wajerumani na Waingereza.

Maandishi ya kihistoria. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyefariki mwaka 1927, alikusanya historia ya Wachagga kwa kuandika. Mmisionari Bruno Gutmann aliandika mengi juu ya sheria na mila zao, na Kathleen Stahl alitoa kitabu cha historia yao mwaka 1964. Maandishi haya hayamtaji kila mtu, lakini hueleza koo, mitaa na matukio.

Sensa

Wengi hutarajia kupata jina la babu katika sensa kama ilivyo Uingereza. Huko sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa vita, na tangu 1841 majina ya wakazi wa kila nyumba yaliandikwa. Karatasi hizo hufunguliwa baada ya miaka 100. Za mwaka 1921 zilifunguliwa mwaka 2022. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko mwaka 1837. Hivyo mjukuu wa mchimba makaa wa Uingereza anaweza kumfuata babu yake kutoka nyumba hadi nyumba.

Tanganyika hali ilikuwa tofauti. Hesabu za Waafrika za mwaka 1921 na 1931 zilitegemea sana taarifa za machifu na orodha za kodi. Hesabu kamili zaidi ilifanyika mwaka 1948, ikafuatiwa na ya 1957. Baada ya uhuru sensa zilifanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kilichotolewa kwa umma ni idadi, na sheria ya takwimu hulinda siri za mtu mmojammoja. Sensa inaonyesha kwamba mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012, lakini haimwonyeshi babu ya mtu. Mahali pa sensa yenye majina panachukuliwa hapa na kitabu cha ubatizo na daftari la ushirika.

Kukadiria tarehe

Wazee wengi hawakujua tarehe ya kuzaliwa. Umri hukadiriwa kwa rika la mtu na kwa matukio yanayojulikana, kwa mfano:
- kunyongwa kwa Mangi Meli, Machi 1900;
- kuingia kwa Waingereza Moshi, Machi 1916;
- ghasia za kahawa, 1937;
- kusimikwa kwa Mangi Mkuu Thomas Marealle, 1952.

Kama mzee alisimuliwa kwamba babu yake "alikuwa akichunga mbuzi Waingereza walipoingia", mtoto huyo huenda alizaliwa kati ya 1904 na 1910. Makadirio yaandikwe kama makadirio, yasigeuzwe kuwa tarehe kamili.

Matatizo ya kawaida

Tahajia hubadilika. Wajerumani waliandika Moschi, Madschame na Kiboscho, na herufi l na r hubadilishana katika majina ya watu. Jina "Moshi" katika maandishi ya zamani laweza kuwa Old Moshi mlimani. Mji wa sasa ulikua kuzunguka stesheni baada ya reli kufika mwaka 1911. Tena Mkristo anaweza kuonekana kwa jina la ubatizo mahali pamoja na kwa jina la Kichagga mahali pengine.

Nasaba pia inaweza kupindishwa. Penye ugomvi wa kihamba, mtoto wa nje, mke wa pili au ndugu aliyehama anaweza kuondolewa katika masimulizi, au mtu asiyehusika akaingizwa. Kwa sababu hiyo kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kinahitaji angalau vyanzo viwili visivyotegemeana, na kila jina liandikwe pamoja na aliyelisema au daftari lilikoonekana. Pale ushahidi unapokwisha, mti wa nasaba huishia hapo mpaka upatikane mwingine.

Tazama pia
- Wachagga
- Mangi Meli
- Sensa
- Moshi (mji)