Balbu iliyosokotwa ili itoshee holda ya zamani

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipogoma kuiuzia Marekani mafuta, bei ilipaa dunia nzima na watu wakaanza kuhesabu wati. Balbu ya waya, ile ya enzi za Thomas Edison, ikaonekana mlafi: zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake huishia kuwa joto. Taa za tyubu zilikuwa sokoni tangu 1938 na zilibana umeme vizuri, lakini nani angepachika tyubu ya futi nne kwenye taa ya mezani?

Edward Hammer, mhandisi wa General Electric katika jimbo la Ohio, alipata jibu mwaka 1976: aliisokota tyubu kama chemchemi hadi ikalingana na balbu ya kawaida. Kampuni iliisifu kazi yake, kisha ikaifungia kabatini, maana mitambo ya kuitengeneza ingegharimu takriban dola milioni 25. Kwa maoni yangu, ubahili huo uliigharimu General Electric zaidi ya dola hizo. Umbo hilo lilivuja, na mwaka 1995 balbu za kusokotwa zikaanza kuuzwa, zikitoka China.

Kabla ya hapo kampuni ya Philips ilishatoa balbu yake ya tyubu mwaka 1980. Ilikuwa nzito, kwa kuwa ndani yake mlijaa chuma na nyaya za shaba, na taa nyepesi ya mezani iliweza kuelemewa. Kampuni ya Osram iliupunguza uzito huo mwaka 1985 kwa kutumia elektroniki.

Katika mahangaiko yote hayo, holda haikuguswa. Kitako cha kuzungusha na kile cha pini vyote ni vya karne ya 19. Waingereza walipendelea pini, ndiyo maana mwenye duka la vifaa vya umeme Afrika Mashariki bado atakuuliza unataka ipi.

Urithi huo ulisaidia. Kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka na umeme wa maji kupungua, Uganda iligawa balbu 800,000 mwaka 2007 bila nyumba yoyote kufumuliwa nyaya. Kenya nayo iligawa zake mwaka 2010.

Kasoro hazikukosekana. Ndani ya globu iliyofungwa pande zote, joto huua elektroniki mapema. Tena kuna zebaki, kidogo lakini sumu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, kwa msukumo wa Afrika, zilikubaliana kuondoa balbu hizi ifikapo 2025. Nafasi yake imechukuliwa na LED, yenye kitako kilekile.

Kama bado unazo nyumbani, zikiungua usizichome pamoja na takataka. Moja ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika kumi, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie.