Istilahi ya "Akili" na Mipaka ya Utu

Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi mashine za kukokotoa zilivyopewa majina katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba kazi hiyo inagusa maadili, si msamiati peke yake.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Uamuzi huo, uwe mwema au mbaya, ulikuwa na mwenyewe: aliyetaka kuuliza alijua wa kumwuliza. Baadaye wataalamu walipendekeza maneno "ngamizi" na "tarakilishi". Lakini watu wa Kinondoni na Temeke waliendelea kusema "kompyuta", wakaipa upatanisho wa kitu: kompyuta imeharibika, kompyuta zimefika.

Upatanisho huo si jambo dogo. Kijana na kipofu, ingawa majina yao yana kiambishi ki-, husemwa amekuja. Mbuzi naye husemwa amekula. Sarufi yetu, basi, huweka mpaka kwenye uhai, si kwenye akili. Ndani ya mpaka huo mna mwingine: kutokana na "mtu" tumepata "utu", yaani wema na wajibu unaompasa binadamu.

Leo istilahi tatu zinashindana: akili bandia, akili unde na akili mnemba. "Bandia" huhukumu mapema kwamba kitu ni cha udanganyifu. "Unde", litokanalo na kuunda, lina faida moja kubwa: hukumbusha kwamba yupo muundaji.

Ukumbusho huo unahitajika. Tangu huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mwananchi huweza kuomba mkopo kwa simu, na kompyuta hupima kumbukumbu zake. Mama lishe wa Mbagala au fundi wa Tandale akinyimwa mkopo wa namna hii, jibu lililozoeleka ni, "Mfumo umekataa." Kiima cha sentensi hiyo hakiwezi kuulizwa, kuona haya wala kuomba radhi. Lakini kanuni za mfumo zimewekwa na watu, na faida yake hupokewa na watu.

Kwa hiyo yafaa tuseme, "Mkopeshaji amekataa kwa kutumia mfumo wake." Istilahi njema haiupi mtambo utu, wala haimpi mtu maficho.